Ng'ombe anayekula herufi 90

Ujumbe mfupi wa simu unabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa humo humo. Sasa andika tangazo la chanjo kwenye Word, litumie neno ng'ombe, kisha linakili ulipeleke kwenye mfumo wa kutuma SMS. Word imeshakipindisha kile kialama cha juu bila kukuuliza, na kialama kilichopinda hakimo katika alfabeti ya msingi ya SMS. Kikionekana mara moja tu, ujumbe mzima unahamishiwa kwenye mfumo wa herufi pana na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Herufi 90 zimeliwa na ng'ombe mmoja.

Hesabu yake iko hivi. SMS moja ina baiti 140. Katika alfabeti ya msingi kila herufi inachukua biti 7, ndiyo maana zinaingia 160. Katika herufi pana kila moja inachukua biti 16, zinaingia 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande, na kila kipande kinatoa sehemu yake kidogo kwa ajili ya maelezo ya kuunganishia, hivyo kinabaki na herufi 153 au 67. Tangazo la herufi 150 lenye kialama kilichonyooka ni SMS moja. Tangazo hilo hilo lenye kialama kilichopinda ni SMS tatu. Ukiwatumia wafugaji 2,000 wa Bahi na Chemba, wilaya zetu za Dodoma, unalipia SMS 6,000, na kwenye simu za zamani vipande vinaweza kufika kimoja kimoja, pengine bila mpangilio, au vikaonyesha vijisanduku vitupu mahali pa maneno. Mfugaji anayesoma kwa shida hawezi kuvipanga upya. Anaufuta.

Dawa ni mistari michache ya programu: kabla ya kutuma, badilisha kila kialama kilichopinda kiwe kilichonyooka, alama za kunukuu zilizopinda ziwe zilizonyooka, na kistari kirefu kiwe kifupi. Ondoa pia vikaragosi vya emoji, maana navyo vinauhamisha ujumbe wote. Mabano ya mraba na yale ya mikunjo yanaruhusiwa lakini kila moja linahesabiwa herufi mbili, kwa hiyo yaepuke.

Nimeanza na jambo dogo hili kwa makusudi. Mkoa wa Dodoma ulihesabiwa watu 3,085,625 katika sensa ya 2022. Mjini tuna wizara, tuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na ndaki yake ya TEHAMA, na mtandao wa kutosha kuangalia video. Kwa hiyo huduma zinabuniwa mjini, juu ya kompyuta nzuri, kwa Kiingereza, halafu Kiswahili kinawekwa mwishoni kama rangi juu ya ukuta. Bibi wa Mvumi, mfugaji wa Chemba, kijana asiyeona aliyesoma shule ya wasioona ya Buigiri na kiziwi anayeuza karanga sokoni Majengo wote wanaachwa nje na maamuzi madogo ya aina hii, na hakuna aliyekusudia kuwaacha. Nitakayoyaandika hapa yanamfaa mtu anayebuni huduma ya bei za mazao, chanjo za mifugo, kliniki au malipo, na anayetaka ifike huko.

Kitochi kwanza

Anza na kitochi, ile simu ndogo ya vibonye, hata kama una fedha ya kutengeneza programu ya simujanja. Kinachofanya kazi vizuri kwenye kitochi ni rahisi kukipandisha kwenye skrini kubwa. Kukishusha kilichobuniwa kwa skrini kubwa ni kazi ya kubomoa nyumba na kuijenga upya.

Kwenye kitochi njia kuu ni USSD, zile menyu za nyota na reli tulizozizoea kwa M-Pesa, *150*00# na ndugu zake. Kitaalamu ukurasa mmoja wa USSD unaweza kubeba herufi 182, ila milango mingi ya kuunganishia huduma inakata kwenye 160. Mimi hushauri usizidi 140. Lakini herufi si tatizo kubwa kuliko yote. Mistari ndiyo tatizo. Skrini ya kitochi cha kawaida ni ya inchi 1.77, na inaonyesha mistari michache tu kwa mara moja. Chaguo la tano na la sita linajificha chini, na mtu asiyezoea hajui kwamba kuna kitu chini. Ataamini huduma yako ina mambo manne. Basi iwe na mambo manne kweli:

1. Bei za leo
2. Chanjo ya mifugo
3. Mvua wiki hii
4. Ongea na mtu

Usiweke kichwa cha habari wala "Karibu kwenye mfumo wa kidijitali wa", kwa sababu kila neno la mapambo linasukuma chaguo halisi chini ya skrini. Kinachofanyiwa kazi mara nyingi kiwe namba 1.

Jambo ambalo wabunifu wa mjini hawalijui kwa kuwa wanajaribia kwenye simujanja: kwenye vitochi vingi, ukibonyeza "Jibu" menyu inatoweka na unabaki na kisanduku kitupu. Mtumiaji lazima akumbuke kwamba bei ni 1 na chanjo ni 2. Mzee akirudi nyuma kuangalia, kikao kinaweza kukatika. Ndiyo maana namba zisihame. Kama 0 ni kurudi, iwe kurudi kwenye kila ukurasa, mwaka hadi mwaka, na huduma mpya ikija ipewe namba ya mwisho hata kama mkubwa wa ofisi anataka iwe ya kwanza.

Kikao cha USSD kina muda wake, na muda huo hautegemei wewe. Kila mtandao una wake, kwa hiyo pima kwa saa mkononi kwenye Vodacom, Yas, Airtel, Halotel na TTCL, mmoja mmoja, kisha buni kwa ule mfupi kuliko yote. Asiyeona anayetumia simujanja anasomewa menyu kwa sauti ya TalkBack mstari kwa mstari, halafu anatafuta kisanduku cha jibu kwa kidole, halafu anaandika, halafu anatafuta kitufe cha kutuma. Menyu ya mistari minane inakata kabla hajamaliza. Upande wa seva, hifadhi kila jibu mara linapoingia, ukilifunga na namba ya simu, ili akipiga tena ndani ya siku hiyo umpe "1. Endelea ulipoishia". Mtandao wa vijijini unakatika, na asiyehifadhiwa majibu mara mbili hapigi mara ya tatu.

Halafu, usimwombe mtu aandike. Neno zabibu kwenye vibonye vya kitochi ni mibonyezo 14: z mara nne, a mara moja, b mara mbili, i mara tatu, b tena mara mbili, u mara mbili. Na kati ya a na b lazima usubiri kidogo kwa kuwa zote ziko kwenye kibonye cha 2. Kwa mkono unaotetemeka hiyo ni kazi ya dakika nzima, na kikao kinahesabu. Wilaya za Dodoma ni saba, zinaenea kwenye kurasa mbili. Vijiji haviwezi kuenea. Njia inayofanya kazi ni kukipa kila kijiji namba ya tarakimu tatu na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji, kwa maandishi makubwa. Mtu anaandika 214, mfumo unamjibu jina la kijiji, anakubali. Ikiwezekana, usiulize kabisa baada ya mara ya kwanza.

Kiswahili chenyewe ni sehemu ya ubunifu

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana makosa mengi ninayoyaona kwenye huduma zetu ni ya lugha, na miongozo mikubwa ya ufikivu inayotoka nje haiyagusi.

Kwanza, maneno ya vitufe. "Wasilisha", "ghairi", "nywila", "kikoa" ni maneno sahihi, lakini hayatumiki mnadani. Mtu aliyejifunza simu kwa wakala wa fedha anajua tuma, rudi, salio, namba ya siri, thibitisha, toa. Tumia hayo. Kabla ya kutunga neno, angalia kama mitandao ya fedha imeshamfundisha mtu neno lake. Somo hilo limeshalipiwa, tulitumie.

Pili, maswali ya kukanusha. Menyu ikiuliza "Hujachanja kuku? 1. Ndiyo 2. Hapana", Mswahili ambaye hajachanja atajibu "ndiyo", yaani ndiyo, sijachanja. Programu iliyobuniwa kwa mantiki ya Kiingereza itaandika kwamba amechanja. Data inaingia kinyumenyume na hakuna atakayegundua, kwa sababu majibu yenyewe yanaonekana ya kawaida kabisa. Uliza kwa kukubali, na uweke jibu ndani ya chaguo: "1. Nimechanja 2. Bado".

Tatu, idadi. Programu zinapenda kuunganisha vipande: tarakimu hapa, jina la kitu pale. Kwa Kiswahili cha maandishi unaweza kuponea kwenye "mbuzi 2". Kwa sauti hakuna pa kujificha. Mbuzi ni wawili, magunia ni mawili, vikombe ni viwili, chupa ni mbili. Ukirekodi "mbili" mara moja na kuibandika kila mahali, mashine itasema "mbuzi mbili", na msikilizaji atajua anaongea na kitu kisichojua Kiswahili. Habari njema ni kwamba namba zinazobadilika ni chache: moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo kila ngeli unayoihitaji inakudai rekodi sita tu za ziada. Orodhesha vitu utakavyovihesabu, vipange kwa ngeli, rekodi. Lakini kumbuka kumi na mbili, ishirini na nane na wenzao: ile tarakimu ya mwisho nayo inafuata ngeli, mbuzi kumi na wawili.

Na fedha: "elfu ishirini na tano" inaweza kusikika kama 25,000 au 20,005. Kwenye bei watu huelewa kwa mazoea, kwenye malipo ya mkopo wanaweza kugombana. Sauti ikishataja kiasi, tuma na SMS yenye tarakimu na mkato wake.

Nne, saa. Hili linawakosesha watu kliniki. Mfumo unatuma "09:00" na mama anafika saa tisa alasiri, au anakuja usiku wa giza asipoteze nafasi. Hifadhi saa kwenye seva kwa namna yoyote upendayo, lakini ukimwonyesha mtu, badilisha: chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12 na uchukue baki, baki likiwa 0, andika 12. Saa 9 ya mfumo inakuwa 3, saa 13 inakuwa 7, saa 20 inakuwa 2. Kisha ongeza neno: asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Usiache neno hilo hata siku moja. Uangalifu uongezeke baada ya saa sita usiku: kwa kompyuta siku imeshabadilika, kwa watu bado ni usiku ule ule, kwa hiyo andika "usiku wa kuamkia Jumatano". Tarehe nazo usiziandike 03/04, kwa kuwa programu za Marekani zinatanguliza mwezi. "Jumatano tarehe 3 mwezi wa 4" inaeleweka hadi kwa asiyejua neno Aprili.

Tano, vipimo. Fomu inayodai kilo itajazwa kwa kubahatisha. Mkulima wa Kongwa anajua debe na gunia, na anajua kwamba gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, si gunia. Gunia la alizeti halifiki uzito wa gunia la mahindi kwa kuwa alizeti ni nyepesi. Mwache achague kipimo chake, uhifadhi namba aliyoitoa pamoja na jina la kipimo, na kugeuza kuwa kilo ukufanye wewe baadaye kwa jedwali la kila zao. Ukihifadhi kilo peke yake, kosa la jedwali halitarekebishika tena.

Na tarehe ya kuzaliwa: wapo wazee wanaojua mwaka tu, na wapo wanaojua njaa ya wakati huo, maana Wagogo wana majina ya njaa zao, kama Mtunya ya 1917 hadi 1920. Ruhusu mwaka peke yake. Mfumo unaolazimisha siku na mwezi unazalisha tarehe za uongo.

Sauti, na Kigogo

Asiyesoma, asiyeona mwenye kitochi, na mzee anayeelewa Kigogo kuliko Kiswahili, wote watatu wanahudumiwa na kitu kimoja: menyu ya sauti. Ni ghali kuliko USSD, na ndiyo maana huachwa. Gharama inapungua ukitumia mila yetu ya kubipu. Mtu anapiga, mfumo unakata, kisha unampigia yeye ndani ya sekunde chache. Hatozwi chochote, na kila mtu anajua kubipu.

Simu ya kawaida inapitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Rekodi kwa ubora wa juu, kisha shusha hadi sampuli 8,000 kwa sekunde, chaneli moja, na usikilize kwenye kitochi chenyewe wala si kwenye kompyuta. Utagundua kwamba s na f zinafifia, kwa sababu sehemu kubwa ya mlio wake iko juu ya mpaka huo. "Sita" na "tisa" zina irabu zile zile, na kwenye kelele zinachanganywa sana. Msomaji azitamke polepole, na mfumo urudie tarakimu moja moja mwishoni. Chumba cha kurekodia si lazima kiwe studio: chumba kidogo chenye magodoro na mablanketi ukutani, mbali na bati wakati wa mvua na mbali na barabara ya malori, kinatosha.

Tanguliza kitendo, namba ije mwisho: "Kusikia bei za leo, bonyeza moja." Ukisema "Bonyeza moja kusikia bei za leo", hadi msikilizaji ajue kwamba ni bei anayoitaka, namba imeshamtoka. Chaguo zisizidi nne. Baada ya kila ukurasa acha sekunde tano hivi za kimya, kisha rudia wote, kisha ukae tena kimya, ndipo ukate kwa kuaga. Kitochi kinasikilizwa sikioni na kubonyezwa mbele ya macho, na kule kukitoa sikioni kunachukua muda.

Chaguo la lugha lisemwe katika lugha yenyewe. "Kwa Kigogo bonyeza mbili", ikisemwa kwa Kiswahili, inamhudumia yule ambaye haihitaji. Anza na "Mbukwenyi" kisha endelea kwa Kigogo. Kondoa utahitaji Kirangi, na Chemba kuna Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko na haifanani na Kigogo hata kidogo. Tafsiri ifanywe na watu wawili wa huko: mmoja atafsiri, mwingine asiyeona maandishi ya Kiswahili aeleze alichokisikia. Wasipokubaliana, mstari huo uandikwe upya. Msomaji awe mtu ambaye sauti yake wanakijiji wangemwamini mambo ya mifugo au ya uzazi, na kwa mambo ya uzazi mwanamke mtu mzima.

Kwa viziwi, geuza hayo yote. Huduma inayothibitisha mtu kwa kumpigia simu inamfungia nje kabisa. Kila namba ya kupiga iambatane na namba ya SMS inayojibiwa na binadamu, na video za maelezo ziwe na mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania anayeonekana kwa ukubwa wa kutosha. Mkalimani wa ukubwa wa kucha kwenye skrini ya inchi tano hasomeki. Maandishi ya chini ya video hayatoshi, maana kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili.

Skrini na jua letu

Nitapita haraka hapa kwa sababu WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti uliotoka Oktoba 2023, umeshayaeleza vizuri. Maandishi ya kawaida yanahitaji utofauti wa rangi wa 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na wabunifu, kina 2.85 tu, #767676 ndicho kinachopita kwa shida, kina 4.54. Hiyo ni ndani ya nyumba. Kwenye jua la saa saba mchana pale Kizota utahitaji zaidi, kwa hiyo mimi ningeanzia 7 kwa 1. Kongwa na maeneo ya jirani yamejulikana miaka mingi kwa trakoma, ugonjwa wa vikope unaoacha makovu na kupindisha kope hadi zikwaruze jicho, kwa hiyo wapo wazee wengi, hasa wanawake, wanaoona kwa ukungu. Watu wenye ualbino nao wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza. Kuza herufi za simu hadi asilimia 200 na uangalie kama vitufe vinapandana. Vitufe vya kugusa viwe vya takriban milimita 9 kila upande.

Kuna mawili ambayo ni yetu zaidi. Tovuti ya Kiswahili iliyoachwa na lang="en" kwenye HTML inakifanya kisomaji cha skrini, programu inayomsomea asiyeona, kisome Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza: "pale" inakuwa "peil", "wake" inakuwa "weik". Weka lang="sw". Kwenye simu hakikisha sauti ya Kiswahili imewekwa. Android inayo kwenye huduma za sauti za Google, na eSpeak NG, sauti inayotumiwa na NVDA, kisomaji cha skrini cha kompyuta ambacho ni cha bure, inayo pia. Na vifupisho kama "Jtano", "sh" na "kg" vinasomwa vibaya. Nafasi ikiwa finyu, punguza habari, maneno yabaki kamili.

La pili ni matangazo ya picha. Ofisi inaandika tangazo, inalipiga muhuri, inaliskani na kulirusha WhatsApp. Kwa asiyeona hiyo ni karatasi tupu. Andika maneno yale yale chini ya picha, basi.

Kitambulisho na vidole

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 zilizopangwa 8, 5, 5 na 2, na zile nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukilazimika kuiomba, ipokee ikiwa na vistari, ikiwa na nafasi au ikiwa imeshikana. Programu yako ndiyo ivisafishe. Kwenye skrini igawe makundi manne kama ilivyo kwenye kadi. Ikikosewa, sema: "Namba ina tarakimu 19, zinahitajika 20." Neno "Umekosea!" kwa mtu anayeamkiwa shikamoo kijiji kizima ni utovu wa adabu, na halimsaidii kupata kosa lilipo. Namba za simu pia: 07, 06, 255 na +255 zote ziwe sawa.

Ila kwanza jiulize kama unaihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka ukusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi uliyoitaja. Bei ya alizeti haihitaji kitambulisho cha mtu.

Alama za vidole zinakataa kwa watu walioshika jembe miaka arobaini, kwa kuwa mistari imesuguka. Kufuta kidole kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kujaribu vidole vingine kunasaidia baadhi. Kwa wengine hakusaidii, kwa hiyo lazima pawe na njia nyingine iliyoandikwa kwenye utaratibu, isiwe hisani ya mhudumu wa siku hiyo. Na simu kijijini mara nyingi ni ya familia nzima. SMS ya majibu ya kliniki itasomwa na mume, mtoto au jirani anayesaidia kusoma. Tuma "Tafadhali fika kliniki Alhamisi saa 3 asubuhi", usitaje sababu.

Kujaribu

Usijaribie kwa wafanyakazi wenzako. Watu watano kwa kila kundi wanatosha kwa mzunguko mmoja: watano wasiosoma, watano wasioona, watano viziwi, watano wazee wenye kitochi. Wapate kupitia vyama vyao, Chama cha Wasioona na CHAVITA, chama cha viziwi, vina wanachama wanaojua hasa kinachowakwamisha, na uwalipe nauli na muda wao, pamoja na msaidizi au mkalimani. Nenda mahali penye kelele na jua, mnada wa Msalato unafaa kabisa, na utumie simu ya mtu mwenyewe, yenye kioo kilichopasuka na betri ya asilimia 15.

Mpe kazi moja: "Tafuta bei ya alizeti." Kaa kimya. Usiulize "Umeelewa?", kwa sababu kwa heshima atasema ndiyo, hasa mgeni akiwa ametoka mjini na daftari. Muulize "Sasa utafanya nini?" na "Simu imekwambia nini?" Andika kila mahali alipositasita zaidi ya sekunde kumi, kila mahali alipompa mwingine simu, na kila neno alilolibadilisha alipokueleza. Neno alilolibadilisha ndilo la kuweka kwenye menyu.

Huduma ikishaanza, kumbukumbu za seva zinakuonyesha watu wanaishia ukurasa gani. Chukua ukurasa unaopoteza watu wengi kuliko yote, badilisha kitu kimoja tu, subiri wiki mbili, linganisha. Na ile namba 4, "Ongea na mtu", iite simu ya mtu kweli, anayejua Kigogo, mwenye daftari la kuandika kila aliyepiga alikuwa amekwama wapi. Asipopatikana baada ya saa kumi jioni, menyu iseme hivyo kabla mtu hajaibonyeza.